Mtihani Ambao Mdogo Wangu Hakupaswa Kufaulu

Nimefanya mitihani mingi tangu nianze shule, na kama wanafunzi wengine nimewahi kuchungulia karatasi ya jirani mara moja au mbili. Lakini udanganyifu ninaoujutia mpaka leo sikuufanya ndani ya chumba cha mtihani, wala haukuwa kwa faida yangu. Niliufanya nje, mchana kweupe, karibu na ofisi ya mwalimu mkuu, nikiwa na umri wa miaka 12. Nilitumia kidole kimoja tu. Nilimsaidia mdogo wangu kufaulu mtihani ambao, kama angeufeli, huenda leo angekuwa na macho mawili yanayoona.

Sisi tunatoka Nyamagabe, kusini mwa Rwanda, katika milima ya baridi na mashamba ya chai. Baba yetu ni mchuma chai, mama analima viazi na maharage. Mimi ni kifungua mimba. Mdogo wangu ninayemzungumzia ni kitinda mimba. Mwaka 2014 mimi nilikuwa darasa la sita na yeye darasa la pili, katika shule moja, na kila asubuhi tuliteremka mlima pamoja.

Nyumbani alikuwa mtoto mwerevu. Hadithi aliyoisikia mara moja aliweza kuisimulia yote bila kuruka neno. Mama alipotaka kushona, yeye ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano. Mtu akichomwa na mwiba, aliitwa yeye autoe. Kwa hiyo hakuna aliyewaza kwamba anaweza kuwa na tatizo la macho. Mtoto anayeona tundu la sindano atakuwaje na macho mabovu?

Hata hivyo, kulikuwa na mambo ambayo leo nikiyakumbuka nashangaa jinsi tulivyokuwa vipofu sisi wenyewe. Alipotumwa kuchunga mbuzi, hakutazama ng'ambo ya bonde kama watoto wengine, alitega sikio. Siku moja mbuzi mmoja alipotea akiwa amesimama mbele yake kabisa, mteremko wa pili tu, na alichapwa kwa uzembe. Tukikutana na watu njiani, hakuwasalimia mpaka waseme neno. Majirani walisema ana kiburi.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Darasa lao lilikuwa na watoto wengi, na kwa kuwa alikuwa mrefu alikalishwa nyuma. Mwalimu alipoandika ubaoni, yeye alinakili kutoka kwenye daftari la jirani. Jirani akikosea, naye alikosea vilevile. Mwalimu alimwita baba na kumwambia kwamba mtoto huyu ni mvivu na mwizi wa majibu. Baba akanikabidhi kazi ya kumfundisha jioni.

Nilimfundisha kwa njia niliyoijua. Niliandika hesabu kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni, nikamkalisha upande wa pili wa chumba, nikijifanya mwalimu. Hakuweza kusoma hata moja. Nikimpa zilezile kwenye daftari, alizisogeza mpaka karibu na pua na kuzifanya zote. Mimi niliona kwamba ananichezea. Nilimpiga kofi zaidi ya mara moja. Nilimwambia ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia mtama.

Muhula wa pili tuliambiwa kwamba muuguzi kutoka kituo cha afya atakuja kupima macho ya wanafunzi wote. Hapa naomba wasomaji wenzangu, hasa wale wanaosomea lugha, waniruhusu nisimame kidogo. Katika Kinyarwanda, mganga akimchunguza mgonjwa tunasema "gusuzuma", na jaribio la darasani linaitwa "isuzuma". Ni mzizi mmoja. Mwalimu alipotangaza kwamba kesho kutakuwa na kusuzuma macho, sisi watoto tulisikia jaribio. Na jaribio kwetu lilikuwa na maana moja: kuna watakaofaulu na kuna watakaochekwa. Jioni hiyo uvumi ulienea kwamba atakayefeli atachomwa sindano ndani ya jicho. Mdogo wangu hakulala. Alinishika mkono usiku kitandani akaniuliza, "Dada, nikikosea utawaambia wasinichome?"

Kesho yake muuguzi alitundika chati kwenye ukuta wa ofisi. Haikuwa na alfabeti nzima. Ilikuwa na herufi E peke yake, imegeuzwa huku na huku, kubwa juu na ndogo zaidi kila ukishuka. Baadaye nilikuja kujua kwamba chati za herufi zilitokana na kazi ya daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, aliyetengeneza chati yake mwaka 1862, na kwamba ile ya E huwafaa watoto wadogo na watu wasiojua kusoma. Mtoto husimama umbali wa mita 6, hufunika jicho moja, kisha huonyesha kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi: juu, chini, kushoto au kulia. Halafu hufunika jicho la pili na kuanza tena.

Mimi na wenzangu wa darasa la sita tulipewa kazi ya kupanga mistari. Nilisimama hatua mbili kutoka mahali mtoto anayepimwa aliposimama. Muuguzi alikuwa peke yake, ameshika kijiti, anatazama chati na kuandika kwenye orodha. Watoto walikuwa mamia. Wale waliokuwa wakingoja walijipanga palepale, wakitazama, na kila aliyekosea alipigiwa kelele.

Zamu ya mdogo wangu ilifika. Alifunika jicho la kushoto. Herufi kubwa za juu alizionyesha sawasawa. Muuguzi alipoteremsha kijiti, mkono wake ukasita hewani. Watoto wakaanza kucheka. Akageuza kichwa kidogo akanitazama.

Niliona aibu. Nataka kusema ukweli kuhusu jambo hili: haikuwa huruma tupu. Ilikuwa pia aibu ya dada wa darasa la sita, kiranja, ambaye ndugu yake anachekwa mbele ya shule nzima. Nikanyoosha kidole changu pembeni mwa sketi, kuelekea kushoto. Akaonyesha kushoto. Kijiti kikashuka. Nikaelekeza chini. Akaonyesha chini. Kicheko kikakoma.

Kisha akafunika jicho la kulia ili apimwe la kushoto. Safari hii hakutazama chati hata kidogo. Alitazama mkono wangu tangu herufi ya kwanza kabisa, ile kubwa kama bamba la dirisha. Mimi nilidhani ameshazoea mchezo. Nilimpa majibu yote. Muuguzi akaweka alama ya vema kwenye orodha akasema, "Vizuri. Anayefuata." Mdogo wangu alipopita karibu nami alininong'oneza, "Asante, dada." Nilijiona shujaa.

Jioni baba aliuliza matokeo. Nikajibu mimi kabla yake: macho yake ni mazima. Baba alitikisa kichwa, akasema maneno ambayo hayajanitoka: "Kumbe basi ni uvivu mtupu." Tangu siku hiyo hakukuwa tena na mashaka. Alama ile ya vema ikawa ushahidi dhidi yake. Akikosea hesabu, fimbo. Akipoteza mbuzi, fimbo. Kabla ya kupimwa, pengine mtu mmoja kati yetu angeanza kujiuliza. Baada ya kupimwa hakuna aliyejiuliza.

Alirudia darasa la pili. Mimi nikaenda shule ya sekondari ya bweni. Akaingia la tatu, akalirudia nalo. Ilikuwa katika mwaka wake wa pili wa darasa la tatu, akiwa na miaka 10, ambapo mwalimu mpya, mama wa makamo, alifanya jambo dogo sana. Alimwambia asome sentensi ubaoni akiwa nyuma, akashindwa. Akamwambia asogee dawati moja, kisha jingine. Alipofika dawati la mbele kabisa, akasoma sentensi yote bila kosa. Mwalimu hakumpigia makofi wala hakumgombeza. Alimwandikia baba barua: mpelekeni mtoto akapimwe macho.

Nilikuwa likizo, kwa hiyo niliwasindikiza. Kituo cha afya kilitupa rufaa kwenda hospitali. Walimtia matone, wakamwingiza kwenye chumba chenye giza, wakamwekea lenzi moja baada ya nyingine. Jicho la kulia lilikuwa 6/36. Mtaalamu alitueleza maana yake: herufi ambayo mtu mwenye macho mazima anaiona akiwa mita 36, huyu lazima aisogelee mpaka mita 6. La kushoto lilikuwa baya zaidi. Hata ile E ya juu kabisa hakuiona.

Alitueleza kwa maneno rahisi ambayo hata baba aliyeelewa. Macho ya mtoto huyu ni marefu kuliko inavyopaswa, hivyo picha ya kitu cha mbali hukutana kabla ya kufika kwenye retina, nyuma ya jicho. Kitu cha karibu hukiona vizuri, ndiyo maana aliweza kutunga uzi. Hilo hurekebishwa kwa miwani. Lakini la kushoto lilikuwa limepishana sana na la kulia. Ubongo wa mtoto mdogo ukipokea picha mbili, moja afadhali na nyingine ya ukungu, huchagua ile afadhali na kuipuuza nyingine. Ukiipuuza kwa miaka, hausomi tena kutoka kwenye jicho hilo hata ukiliwekea lenzi nzuri. Wengine huliita jicho vivu. Tiba yake ni miwani na kuziba jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi, na tiba hiyo hufanya vizuri zaidi mtoto akiwa bado mdogo.

Kisha mtaalamu akauliza swali la kawaida, "Hajawahi kupimwa shuleni?"

Baba akajibu, "Alipimwa akiwa darasa la pili. Alifaulu."

Nilitazama sakafu. Sikusema kitu siku hiyo, wala mwaka huo. Waswahili wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nimeficha maradhi ya mwingine, na aliyeumbuliwa si mimi.

Baba aliuza mbuzi ili kulipia miwani. Siku tulipoichukua, mdogo wangu aliivaa mlangoni, akasimama kimya. Baba alikuwa amekwenda upande wa pili wa kituo cha mabasi kukata tiketi. Mdogo wangu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Dada, baba ana mvi." Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameuona uso wa baba kwa mbali kama kivuli tu.

Kwa jicho la kulia mambo yalibadilika upesi. Alipanda hadi nafasi ya saba darasani mwaka uliofuata. La kushoto tulilipigania. Alizibwa jicho la kulia kwa plasta kila alasiri kwa miezi mingi, akatembea akijigonga mlangoni, watoto wakamwita jina la dhihaka. Lilipata nafuu kidogo: sasa anaona mistari ya juu ya chati. Haikuzidi hapo. Leo ana miaka 17. Mpira wa juu humpita kwa sababu hapimi vizuri umbali wake. Alitaka kujifunza kuchomelea vyuma, na mama hataki hata kulisikia neno hilo, kwa kuwa jicho analolitegemea ni moja.

Mwaka jana nilikwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Katika shule ya msingi iliyokuwa jirani, muuguzi wa kituo cha afya alikuwa akiandaa upimaji wa macho na akaomba wasaidizi. Nilijitolea kabla hajamaliza kuomba. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimpigia simu mdogo wangu, nikamweleza yote: kidole, sketi, aibu. Nilimwomba msamaha. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Lakini dada, mimi nilidhani wote wanatazama mkono wa mtu."

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu. Hakujua kwamba wengine wanaona. Mtoto aliyezaliwa au kukua na ukungu hana kitu cha kulinganisha nacho. Hawezi kuja kwako na kusema "sioni", kwa sababu kwake huko ndiko kuona. Ndiyo maana upimaji ni lazima umfuate mtoto shuleni. Tukimngoja alalamike, tutangoja mpaka jicho liwe limekwisha kuzembea. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2019 likisema kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na kwamba angalau bilioni 1 kati yao wana tatizo ambalo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Zamani nilipokuwa nikisoma takwimu kama hizi nilizipita haraka. Sasa huwa najiuliza ni wangapi katika bilioni hiyo walipewa alama ya vema.

Siku ya upimaji tulifanya mambo machache tofauti, na yote hayakugharimu kitu. Kwanza, muuguzi aliwaeleza watoto kwamba hii si kazi ya darasani, hakuna sindano, hakuna kufaulu wala kufeli, na akawaonyesha kadi ya E waicheze kwa mkono kabla. Pili, waliongojea walikaa upande wa pili wa jengo, wasione wala kucheka. Wanafunzi waliokuwa kwenye mstari husikia majibu na kuyakariri. Kwa hiyo, tatu, badala ya chati ya kudumu tulitumia kadi moja tuliyoigeuza ovyo kila mara. Nne, tuliangalia sana namna jicho linavyofunikwa, kwa kiganja bila kulibonyeza, na bila kuchungulia kati ya vidole. Tano, tuliwauliza walimu watutajie watoto wanaokunja uso wakitazama ubao, wanaoinamisha kichwa upande mmoja, wanaoshika kitabu karibu na pua, wenye makengeza, wanaonakili kwa jirani kila siku. Orodha ya mwalimu makini ni nusu ya upimaji.

Kazi nyingine iko kwa wazazi. Wengi bado wanaamini kwamba miwani huyadhoofisha macho ya mtoto. Si kweli, miwani sahihi humwezesha mtoto kuona, na katika umri mdogo humsaidia ubongo kujifunza kuona. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, muuguzi yule alisimama kwenye mkutano wa wakazi akalieleza hilo. Niliona maneno machache yaliyosemwa pale, watu wakiwa bado wameshika majembe, yalifika mbali kuliko bango lolote la ofisini. Mzee mmoja aliuliza kama mtoto anayetumia "amadarubindi" atacheka kama mzungu. Watu wakacheka, lakini waliuliza. Neno hilo la miwani tumelikopa kutoka darubini ya Kiswahili, chombo cha kuvuta vitu vya mbali. Nilifikiri: kwa mdogo wangu halikukosewa hata kidogo.

Karibu na mchana alikuja msichana wa darasa la pili. Jicho la kwanza lilikwenda vizuri. La pili, nilipoinua kadi, hakuitazama. Macho yake yaliteleza pembeni kumtafuta rafiki yake, ambaye hakuwepo. Niliujua mtazamo ule. Nikaweka kadi chini, nikasogea mpaka kwake na kupiga magoti.

Nikamwambia, "Hapa hakuna anayekosea. Kama huoni, sema tu sioni."

Alitazama nyuma kwanza kuhakikisha hakuna anayesikia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sioni."

Nikamwandikia rufaa.